Kingo za mvule zinaungua na pembe zinabanduka nikipiga ruta. Kosa la mbao, la biti au la mkono?

#1 Randa_Kavu, Jang'ombe

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nina meza ya chakula ya mvule, mbao tano nimeziunga kwa gundi, unene milimita 35. Mwenye meza anataka ukingo wa pambo, ule mkunjo wa herufi S wenye kijidaraja kidogo juu. Nimenunua biti mpya (kile kisu kinachozunguka) ya kabaidi, yaani makali ya madini magumu, yenye beringi chini, upana wake milimita 35, mpini wake milimita 6. Ruta yangu, ile mashine ya kuchongea kingo, ni ya mkono, ya mtumba kutoka Uingereza.

Nimejaribu kwenye vipande vilivyobaki na yananitokea mambo mawili. Ukingo unatoka na mistari myeusi ya kuungua, na vichwani mwa mbao ndiko kubaya zaidi. Halafu nikifika kwenye pembe, kipande kinabanduka, pengine cha ukubwa wa kucha. Fundi mmoja hapa mtaani kasema mvule huu una mawe. Mwengine kasema biti ya bei rahisi. Mie nasema biti mpya haiwezi kuwa butu, kwa hiyo ni mbao. Anaebisha na aje na sababu, maana meza yenyewe sijaigusa bado na siigusi mpaka nielewe.

#2 FundiWete, Wete

Waalaykum salaam. Kabla ya mbao na biti, tuambie unapita upande gani na unaanzia wapi.

Ruta ukiishika mkononi biti inazunguka kama mshale wa saa ukiitizama kwa juu. Kwa hiyo ukingo wa nje wa meza unauzunguka kinyume cha saa. Ukisimama na ukingo umekuelekea tumboni, ruta inatoka kushoto kwenda kulia. Biti inakuwa inapigana na mkono wako, na ndivyo inavyotakiwa. Tena unaanza na vichwa, yaani kule nyuzi zinakokatwa, halafu ndio unapita ubavuni. Pembe ikibanduka wakati wa kupiga kichwa, ule ubavu unaokuja baadae unakula pale palipobanduka na pambo linatoka safi.

Ukianza na ubavu ukamalizia na kichwa, pembe ya mwisho haina kitu cha kuiegemea nyuma yake. Lazima ibanduke. Hilo halina mvule wala mkungu.

#3 Kibiriti, Michenzani

Meza ya mvule milimita 35! Hiyo akihama mwenyewe anaiacha na nyumba.

#4 Randa_Kavu, Jang'ombe

Kibiriti, vijana wa kubeba wapo.

FundiWete shukran. Nilianza na ubavu, kwa hiyo kwenye pembe nimekuelewa. Lakini kuungua? Vichwani nilipita kushoto kwenda kulia kama ulivyosema, na ndiko kulikoungua zaidi. Basi upande wa kupita si sababu ya weusi.

Nimesahau kusema: ruta haina kitufe cha kupunguza kasi. Kibao chake kimeandikwa mizunguko 27,000 kwa dakika.

#5 Beringi_Moja, Keko, Dar es Salaam

Wakuu wa visiwani habari zenu. Jibu mmelipata hapo juu na mmelipita: 27,000 kwa biti ya milimita 35.

Fanyeni hesabu. Ncha ya biti ya upana wa milimita 35 ikizunguka mara 27,000 kwa dakika inakwenda karibu mita 49.5 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 178 kwa saa. Biti nyembamba ya milimita 12 kwa kasi hiyo hiyo ya mashine, ncha yake inakwenda mita 17 tu kwa sekunde. Kasi ya mota ni moja, lakini mbao inasuguliwa karibu mara tatu zaidi. Ndiyo maana wanaotengeneza biti wanataka biti za mpaka milimita 25 zizunguke hadi 24,000, zikizidi hapo mpaka 50 mshuke kwenye 18,000 hivi, na zile kubwa za kutengenezea paneli za milango, milimita 75 na zaidi, ziwe 12,000 au chini ya hapo.

Mkuu Randa_Kavu, mashine yako ni ya biti ndogo. Umeivalisha kiatu cha mtu mzima.

#6 FundiWete, Wete

Beringi_Moja hesabu yako sina ugomvi nayo. Lakini mie nimepiga biti ya milimita 38 kwa mashine isiyopungua kasi na haikuungua, kwa sababu sikusimama. Kinachounguza ni kusimama pahala pamoja. Kijana anafika kichwani, nyuzi zinakaza, anaogopa, anapunguza mwendo. Pale pale inaungua. Na pembeni kila mtu husita kabla ya kugeuka, ndipo utaona doa.

#7 Beringi_Moja, Keko

Kupita haraka na biti kubwa kwa 27,000 ni kuomba ajali, mkuu. Hiyo nasema kwa heshima.

#8 Ukhti_Mbao, Makunduchi

Ami Randa_Kavu, nina suali moja. Huo mstari mweusi uko pahala gani hasa? Ndani ya mkunjo wa pambo, au chini yake pale beringi inapopita?

Nauliza kwa sababu mie nachonga viti na vitanda vya mfenesi, na mfenesi una utomvu. Utomvu na vumbi vinajaa kwenye beringi mpaka inakwama. Beringi ikikwama haizunguki yenyewe, inazungushwa na biti, kwa hiyo inaisugua mbao kwa kasi ile ile ya mota. Inaacha mstari mmoja mweusi ulionyooka kama umepigwa rula, na ukiugusa unakuta mbao imebonyea. Watu wanalaumu biti kumbe makali hayana kosa. Nyuzi za mfenesi pia zinapishana, kwa hiyo upite utakavyo pana pahala patachanika kidogo.

Mie biti nazilaza kwenye mafuta ya taa, nazisugua kwa mswaki wa zamani, nazikausha. Beringi siilazi, naifuta tu kwa kitambaa, maana mafuta ya taa yanaosha grisi ya ndani. Ikianza kulia naibadilisha.

#9 Randa_Kavu, Jang'ombe

Ukhti, nimetoka kutizama na tochi. Iko yote miwili! Mmoja umenyooka chini, mwembamba. Mwengine ndani ya mkunjo, huu umekatika katika, hauna mpango.

#10 Kibiriti, Michenzani

Sasa umepata maradhi mawili kwa daktari mmoja.

#11 Waya_Mwekundu, Chake Chake

Mtumba wa Uingereza. Plagi yake ya asili ni ya njano?

#12 Randa_Kavu, Jang'ombe

Ya njano, ya duara. Niliyeinunua kwake alinipa na transfoma.

#13 Waya_Mwekundu, Chake Chake

Nilijua. Plagi ya njano maana yake mashine ya volti 110. Kule Uingereza majumbani wanatumia 230 kama sisi, lakini kwenye maeneo ya ujenzi wanalazimisha vifaa vya 110 kwa usalama, na transfoma wanazotumia ni kubwa, za uwezo wa 3.3 kVA (yaani VA 3,300) kwa kawaida. Vifaa vile vikishachoka huko vinakuja huku kwenye makontena. Tatizo ni kwamba mashine inakuja na transfoma haiji. Muuzaji anakutafutia kidude kidogo cha kuchajia simu na kuwashia redio.

Randa_Kavu, tizama kwenye transfoma yako imeandikwa VA ngapi, na kwenye ruta imeandikwa wati ngapi. Kama ruta ni wati 900 na transfoma ni 500 VA, kila ukiingiza biti kwenye mbao volti inashuka, mota inazama, unasukuma, inazama zaidi. Unadhani mbao ni ngumu kumbe mashine haina pumzi. Ukiongeza jioni watu wote wamewasha mafeni na pasi, ndio kabisa.

Na tafadhali usije ukaichomeka moja kwa moja ukutani kujaribu. Itaungua mota.

#14 Beringi_Moja, Keko

Waya_Mwekundu hapo nakupinga. Volti ikishuka mizunguko inapungua. Mizunguko ikipungua kwa biti ya 35 ni afadhali. Kwa maelezo yako transfoma mbovu ingemsaidia.

#15 Waya_Mwekundu, Chake Chake

Ingemsaidia kama angekwenda mwendo ule ule. Lakini mashine ikizama mtu hupunguza mwendo kuisubiri. Hapo tunarudi kwa FundiWete: umesimama, umeunguza. Halafu kupunguza kasi kwa kitufe ambacho mota inabaki na nguvu zake, na kupungua kwa sababu ya njaa ya umeme, ni mambo mawili mbalimbali.

#16 Mfaa_wa_Kati, Mji Mkongwe

Nimesoma toka juu kimya. Mimi ni mchongaji wa milango, kazi nimeirithi kwa baba, na patasi ndiyo mashine yangu.

Kijana wa mwanzo ana haki kuhusu mvule. Mvule una mawe kweli. Unaikata mbao nzuri, rangi ya dhahabu, mara patasi inasema "kaa!" na makali yamekatika. Ukichimba unakuta kitu cheupe kigumu kama chokaa, na mbao iliyokizunguka imekoza rangi kuliko kwengine. Mti ulipata jeraha, maji yake yakaganda pale. Jiwe moja dogo linatosha kuua makali ya biti yako mpya siku ile ile. Kwa hiyo kusema "biti mpya haiwezi kuwa butu" si sawa. Biti mpya inakuwa butu kwa dakika.

Piga kucha yako kwenye ncha ya biti. Makali mazima yanakwangua kucha. Makali yaliyokufa yanateleza.

La pili, na hili linaniuma. Siku hizi naona milango inaitwa "mlango wa Zanzibar" na miimo yake imepigwa ruta tu. Mlango wetu una miimo miwili, una kizingiti, una mfaa, ule mti uliosimama katikati, na kila kimoja kina nakshi yake: mnyororo pembezoni, samaki chini, majani na maua yakipanda juu. Ruta inapiga mkunjo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, basi. Na kwenye pembe ya ndani biti ni ya duara, haifiki. Inaacha pembe imezunguka kama sahani. Pembe ya mlango haiwi hivyo.

#17 Mwalimu_wa_Ufundi, Mwanakwerekwe

Mzee Mfaa_wa_Kati, heshima yako. Naongeza kidogo. Hayo mawe ya mvule ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo neno lako la chokaa limepiga pale pale. Watu huchanganya na msaji. Makali kwenye msaji yanaliwa na silika, chembe ndogo ndogo za aina ya mchanga zilizotapakaa mbao nzima, kwa hiyo biti inakwisha polepole. Kwenye mvule unaweza kupiga mbao kumi bila ya tatizo, ya kumi na moja ikakutana na jiwe.

FundiWete kaeleza vizuri upande wa kupita, lakini wanaosoma wasichukue nusu. Kinyume cha saa ni kwa ukingo wa nje. Ukipiga ndani ya fremu, kama ya dirisha au ya kioo, unageuza, unapita na saa. Na kwenye ruta ya meza, ambayo biti inatokeza juu, mbao inasukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wanafunzi wangu wengi wanakosea hapo kwa sababu wanakariri "kulia" na "kushoto" badala ya kutizama biti inazunguka wapi.

Ukipita upande usio wake, biti inashika mbao na kuipanda, na ruta inakimbia na mikono yako. Wapo mafundi wazuri wanaofanya hivyo makusudi, mpito mwepesi wa mwisho, kwa sababu hauchani nyuzi. Simfundishi mtu anaeanza.

#18 Kibiriti, Michenzani

Mzee Mfaa, milango yote unayoisifu pale mjini asilimia kubwa imeshapakwa vanishi mpaka samaki haonekani kama ni samaki au nanasi.

#19 Mfaa_wa_Kati, Mji Mkongwe

Hilo la vanishi ni kweli, na mimi nalipigia kelele kila siku. Lakini kosa la rangi si kosa la patasi. Nenda katizame mlango ambao haujaguswa, jioni jua likiwa chini. Nakshi imechimbwa, ina kina, na mkono umetembea nayo mpaka kivuli kinakaa ndani yake.

#20 Mvinje, Nungwi

Mie nafanya kazi za mahoteli huku kaskazini. Mteja anataka milango ishirini kabla ya msimu. Mzee Mfaa nakuheshimu lakini kwa patasi peke yake milango ishirini nitaimalizia kaburini. Ninachofanya: ruta inatoa daraja na mkunjo mrefu wa pembezoni, patasi inamalizia pembe za ndani na maua. Hao wageni wanapiga picha na wenyeji wanapita hawasemi kitu.

#21 Mfaa_wa_Kati, Mji Mkongwe

Wewe umesema mwenyewe patasi inamalizia pembe. Basi tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Mimi napinga anaeacha pembe zimezunguka na kuuza kwa jina la mlango wa hapa. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na milango ni sehemu kubwa ya kinachotizamwa.

#22 Ukhti_Mbao, Makunduchi

Kabla hamjaenda mbali na milango, mwenzetu ana meza.

Na mnaozungumza mvule, vumbi lake mnalijua? Mie ukiniwasha unanipanda mikono mpaka shingoni, na kifua kinabana. Ruta inatoa vumbi jembamba kuliko msumeno, linaelea. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, tafuteni barakoa yenye kichujio. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, toka mwaka 1995, saratani ya pua. Watoto wanaochezea kwenye karakana muwatoe.

#23 FundiWete, Wete

Ahsante ukhti. Kweli tupu.

#24 Mtumba_Safi, Darajani

Mimi nauza vifaa, na kuna kitu hakuna alieuliza. Randa_Kavu, umesema biti yako mpini ni milimita 6. Ruta ya Uingereza koleti yake ndogo, yaani kile kibanio cha mpini wa biti, huwa ni robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Inaingia, na ukikaza unaona imekaza. Lakini koleti inabana kwa ncha tu, haibani pande zote. Biti inatetemeka na inateleza ndani.

Biti ikitetemeka kidogo tu, ukingo hautoki laini, unatoka na vijiwimbi, na kila kiwimbi kinasuguliwa mara mbili. Unaungua. Ikiteleza, inashuka taratibu chini ya koleti, pambo linaanza na kina hiki na kumalizia na kina chengine. Siku moja inatoka kabisa ikiwa inazunguka, na hapo tunazungumza mambo mengine.

Huku kwetu hili ni janga la kila siku kwa sababu vifaa vinatoka pande mbili. Vya Japani na vya kutoka Dubai vingi ni 6, 8 na 12. Vya Uingereza na Marekani ni robo inchi na nusu inchi, 6.35 na 12.7. Mteja anatizama anaona zinafanana.

#25 Randa_Kavu, Jang'ombe

Nilimuuliza muuzaji akasema "inaingia".

#26 Kibiriti, Michenzani

Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha baba.

#27 Beringi_Moja, Keko

Mtumba_Safi umetoa hoja nzito kuliko yangu, nakiri. Jaribio lake ni rahisi: weka biti, kaza, halafu chora mstari wa kalamu ya wino mzito kutoka kwenye mpini wa biti hadi kwenye nati ya koleti. Piga mita moja. Chomoa waya, tizama. Mistari ikiwa imeachana, biti imeteleza. Ukiona na mpini una alama za kahawia za kuungua, koleti haishiki.

Na mtu asiizamishe biti mpaka ikagota chini. Iingize, halafu irudishe juu milimita 2 au 3 ndipo ukaze. Ikigota, ukikaza koleti inashuka na biti haina pa kwenda, kwa hiyo haibanwi sawasawa.

Halafu biti ya 35 kwa mpini wa 6 ni mzigo mzito kwa shingo nyembamba. Kwa upana huo mimi natumia mpini wa 12.

#28 FundiWete, Wete

Sawa, koleti. Lakini elezeni kwa nini vichwani kunaungua zaidi na ubavuni kidogo, wakati koleti ni ile ile, transfoma ile ile na kasi ile ile. Kitu pekee kinachobadilika kati ya kichwa na ubavu ni nyuzi na mwendo wa mkono.

#29 Mwalimu_wa_Ufundi, Mwanakwerekwe

Vichwani biti inakata nyuzi zilizosimama, kazi ni kubwa, joto ni jingi, na vumbi linatoka jembamba halibebi joto kama yanavyobeba maranda. Kila kasoro mliyotaja itajitokeza kwanza pale. Kwa hiyo suali la FundiWete haliondoi hoja ya koleti wala ya transfoma. Wala haliondoi ya kwake.

Hakuna alieuliza anapiga kina gani kwa mpito mmoja.

#30 Randa_Kavu, Jang'ombe

Mpito mmoja. Nilidhani beringi ikigusa ndio mwisho.

#31 Mvinje, Nungwi

Pambo zima la biti ya 35 kwa mpito mmoja kwenye mvule! Ndugu yangu hiyo meza ina bahati hujaigusa.

Piga mara tatu au nne. Mpito wa kwanza biti iwe juu, ile kidogo tu, unashusha, unashusha. Wa mwisho uache nusu milimita, upite bila ya kusimama, mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Huo mpito mwembamba unafuta weusi wote wa nyuma. Kwenye pembe ya mwisho bana kipande cha mbao ya kutupa kwa klampu kiwe sawa na ukingo, kipande hicho ndicho kitakachobanduka.

#32 Mfaa_wa_Kati, Mji Mkongwe

Na kama weusi umebaki, usiukimbilie kwa msasa mkononi, utaila ile mistari mikali ya pambo ikawa kama sabuni iliyotumika. Chukua kipande cha msumeno wa chuma kilichokatika. Kitie tupa mpaka ncha yake iwe kinyume cha mkunjo wa pambo lako, pambo linapotokeza chuma kiwe kimeingia. Kibane kwenye gongo la mbao lenye bega la kutembelea kwenye ukingo. Unakwangua kidogo kidogo, mbele na nyuma. Hakichani nyuzi hata zikiwa zimepishana, hakiunguzi, hakihitaji umeme. Mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja karibu mwezi mzima, kazi za pambo kwetu hazikusimama. Kwa kidude hicho baba alipiga pambo la meza nzima bila ya ruta, na kwenye meza hiyo nala chakula mpaka leo.

#33 Ukhti_Mbao, Makunduchi

Babu, unaweza kutuwekea picha ya hicho kikwaruzo? Nakitaka kwa mfenesi.

#34 Mfaa_wa_Kati, Mji Mkongwe

Mjukuu atanipigia picha akitoka skuli.

#35 Randa_Kavu, Jang'ombe

Nimerudi. Nimeosha biti, nimetia beringi mpya, nimepiga mara nne badala ya moja, nimeanza na vichwa, nimebana kipande pembeni. Transfoma nimeazima kubwa kwa jirani. Kipande cha majaribio kimetoka safi, pembe zote nzima. Mstari wa chini umeondoka kabisa. Ndani ya mkunjo kuna doa moja dogo kichwani, upande mmoja. Shukran nyingi kwenu nyote.

#36 FundiWete, Wete

Alhamdulillahi. Lakini umebadilisha mambo sita kwa mara moja, sasa hatujui ni lipi lililofanya kazi!

#37 Ukhti_Mbao, Makunduchi

Mstari wa chini ni beringi. Huo hauna mjadala.

#38 Waya_Mwekundu, Chake Chake

Na transfoma?

#39 Mvinje, Nungwi

Ni mipito minne. Rudisha transfoma ya zamani upige mara nne uone kama itaungua.

#40 Beringi_Moja, Keko

Doa lililobaki ni kasi. Bado iko 27,000.

#41 Mfaa_wa_Kati, Mji Mkongwe

Doa moja pahala pamoja upande mmoja, tizama hapo kama hakuna jiwe. Kwangua kwa ncha ya kisu.

#42 Mtumba_Safi, Darajani

Jaribio la mstari wa kalamu umefanya?

#43 Randa_Kavu, Jang'ombe

Nimefanya. Mstari umeachana, kama milimita moja na nusu. Nimekwangua lile doa pia, sikuona jiwe, lakini mbao pale imekoza rangi. Meza siigusi mpaka nipate koleti ya 6. Mtumba_Safi unayo?

#44 Mtumba_Safi, Darajani

Ninazo za aina tatu, lakini koleti haziingiliani, kila ruta na yake. Usiniletee jina la mashine, niletee nati na koleti ya zamani mkononi tuzipime kwa kalipa. Kama sina inayoingia, nitakutafutia biti ya mpini wa robo inchi yenye mkunjo ule ule, na pengine hilo ndilo rahisi zaidi. Nafungua saa tatu asubuhi, Ijumaa mpaka saa tano na nusu.